Saa Saba Mchana, Njoo na Stuli Yako

Saa saba mchana Ntimaru hupoa. Watu wa bodaboda huegesha pikipiki kivulini, fundi cherehani husukuma kitambaa kando, walimu huenda kutafuta chapati na maharagwe, na mama muuza nyanya naye hupata nafasi ya kunyoosha miguu. Saa hiyo ndiyo tunayoiomba kwenu, tukae tuzungumze juu ya vitabu. Si ya kila siku. Mara moja kwa mwezi yatosha, na isiangukie siku ya soko, maana hatutaki kumgombanisha mtu na riziki yake.

Katika vyuo vikuu, watu wa maktaba wana desturi nzuri ya kuandaa mazungumzo ya mchana. Mtu husimama na kitabu alichokisoma, hukieleza kwa dakika ishirini hivi, kisha wasikilizaji humbana kwa maswali. Kaunti yetu ya Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake mwaka 2016, lakini kutoka hapa ni kupita Kehancha, Migori mjini na Awendo. Nani atapanda magari yote hayo kwa mazungumzo ya saa moja? Basi wakutubi, wahadhiri na wanafunzi wa Rongo, hasa nyinyi watoto wetu mnaorudi likizo, tunawaomba mje nyinyi. Karibuni sana.

Najua kuna atakayesema vitabu ni vya waliosoma. Hapana, mzee wangu. Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuwa kizuizini Kamiti, mwaka 1978, aliandika riwaya ya Kigikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, kwenye karatasi za choo. Ilipochapishwa mwaka 1980, wafanyakazi walikusanyika wakati wa chakula cha mchana, mmoja akasoma, wengine wakasikiliza. Katika baa nako walikuwapo wasomaji waliofika penye utamu wakanyamaza hadi waongezewe kinywaji. Sisi wetu tutampa uji.

Kitabu kina faida nyingine ambayo hapa Kuria tunaihitaji kuliko wengi. Sheria ya 2011 ilipiga marufuku ukeketaji, lakini jambo hili bado twalizungumza kwa minong'ono. Ukimtaja binti wa jirani, umezua ugomvi wa koo mbili. Ila katika The River Between, riwaya ya Ngũgĩ ya 1965, yumo Muthoni, binti wa mhubiri, anayekwenda kutahiriwa kinyume cha amri ya baba yake, kisha anakufa. Muthoni si wa ukoo wetu. Juu yake nyanya anaweza kusema lake, kijana akasema lake, na hakuna atakayerudi nyumbani ametukanwa.

Kwa kuanzia, mimi ningependekeza kitabu cha mwana wa Kuria, Profesa Chacha Nyaigotti-Chacha: Ushairi wa Abdilatif Abdalla: Sauti ya Utetezi, cha mwaka 1992. Abdilatif, malenga wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, na gerezani akatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki. Mhadhiri atueleze hayo. Kisha tumketishe kando yake mzee mpiga iritungu, ala yetu ya nyuzi, naye atuambie yeye humkosoaje mkubwa kwa wimbo bila kumtaja jina. Hapo sijui nani atakuwa mwanafunzi wa mwenzake.

Walimu wakuu, tupeni darasa moja au kivuli cha mwembe. Waheshimiwa wa wadi zetu mbili, Ntimaru Mashariki na Magharibi, Katiba ya 2010 iliweka maktaba mikononi mwa kaunti. Leo hatuwaombi jengo, tunawaomba sanduku la bati lenye vitabu, kufuli na daftari la wanaoazima. Ndugu zetu wa upande wa Tarime, Tanzania, mpaka usiwazuie. Kiswahili chetu chenyewe tumekichota kwenu.

Tutasema Kiswahili, na Igikuria pale ulimi utakapopenda kwenda. Anayetaka kuuliza bei ya tumbaku na aulize, mradi asipige kampeni. Mama, njoo na mtoto mgongoni. Akilia, tutamngoja anyamaze. Viti vya darasani ni vya watoto na havitatosha, kwa hiyo kila mmoja abebe stuli yake.