Seki 37.5 na seki 4.5: hivi skauti wa NFL ananunua nini?

Leo naomba tuiache kidogo Simba na Yanga, tuvuke bahari hadi Marekani kwenye ule mchezo wa majitu yanayovaa kofia ngumu na kugongana kama malori. Najua wengi mkiukuta kwenye TV mnahamisha chaneli fasta. Mimi pia nilikuwa hivyo. Ila kuna hesabu moja humo ndani ambayo imenikalia kichwani siku nyingi, na nataka tuipige wote.

Kuna vijana wawili, wanacheza nafasi moja. Wa kwanza alimaliza chuo na seki 37.5, rekodi ya chuo chake. Siku ya kuchaguliwa kwenda kulipwa akaitwa wa 32. Wa pili alimaliza chuo na seki 4.5. Narudia, NNE NA NUSU. Huyu akaitwa wa 5. Wote wawili ni damu ya Afrika. Mmoja ni mjukuu wa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, mwingine kazaliwa na kukulia Accra, Ghana.

Sasa swali langu: hao maskauti walikuwa wamelala au kuna kitu wanakiona ambacho sisi hatukioni?

Kwa wasioujua mchezo, niwaeleze kwa kifupi. Kwotabeki ndiye kichwa cha timu, ndiye anayerusha mpira. Mbele yake wanapangwa watu watano wenye miili mikubwa kazi yao ni kumlinda. Mlinzi wa ukingoni wa timu pinzani anasimama mwisho kabisa wa mstari, na mpira ukianza tu anatakiwa ampite yule jitu aliye mbele yake, kwa kumzunguka au kumsukuma, amfikie kwotabeki kabla hajarusha. Muda wenyewe ni sekunde mbili tatu tu. Akimwangusha na mpira bado mkononi, hiyo ndiyo seki. Wakimwangusha wawili kila mmoja anapewa nusu, ndo maana mnaona hizo pointi tano.

Usajili wa kule sio kama wa kwetu ambapo mchezaji anapokelewa uwanja wa ndege na mashabiki huku timu mbili zinamgombania. Kuna kitu kinaitwa drafti. Timu ziko 32, zinachagua kwa zamu raundi saba, na iliyoboronga msimu uliopita ndiyo inatangulia. Kijana hachagui pa kwenda. Kabla ya siku hiyo, kila Februari, vijana zaidi ya mia tatu wanaitwa mji wa Indianapolis kupimwa. Wanapimwa urefu, uzito, urefu wa mikono, mbio za yadi 40 (mita 36.6), kunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi uwezavyo, na kuruka juu kutoka palepale uliposimama. Madaktari wanavuta magoti na mabega, halafu mabosi wa timu wanakuhoji usiku. Ukiwaza kwa akili ya kwetu ni kama mnada wa ng'ombe wa Pugu. Mimi hilo huwa halinikai vizuri, lakini ndio utaratibu wao.

Turudi kwa vijana wetu.

Wa kwanza ni Mathias Kiwanuka. Wazazi wake Waganda, yeye kazaliwa hapohapo Indianapolis mwaka 1983. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, ndiye waziri mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, baadaye akawa Jaji Mkuu, na Septemba 1972 askari wa Idi Amin walimchukua mahakamani mchana kweupe na hakurudi tena. Mjukuu akakulia Marekani, akacheza Boston College, akavunja rekodi ya seki ya pale.

Drafti ya 2006, walinzi wa ukingoni wanne waliitwa kabla yake: Mario Williams (wa 1), Kamerion Wimbley (wa 13), Tamba Hali (wa 20) na Manny Lawson (wa 22). Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyefikisha seki za Kiwanuka chuoni! Williams alikuwa na kilo karibu 134 na alikimbia zile yadi 40 kwa kama sekunde 4.7. Hebu piga picha mtu wa kilo 134 anakimbia hivyo. Houston Texans wakamchukua wa kwanza, wakamwacha Reggie Bush aliyekuwa kipenzi cha nchi nzima, na mashabiki wao wakawatukana. Kiwanuka akasubiri mpaka nafasi ya 32, ya mwisho raundi ya kwanza, New York Giants.

Wa pili ni Ezekiel Ansah, wenyewe wanamwita Ziggy. Alifika chuo cha BYU kule Utah mwaka 2008 akiwa hajawahi kugusa huu mchezo. Ndoto yake ilikuwa kikapu. Akajaribu timu ya kikapu ya chuo, akakatwa. Akajaribu tena, akakatwa tena. Akaenda riadha kukimbia mita 100 na 200, na mwaka 2010 ndipo alipoingia timu ya futiboli bila ufadhili wa mchezo huo, hata vile vifaa vya kuvaa mabegani alikuwa hajui vinavaliwaje. Mpaka 2012 ndio akapata nafasi ya kudumu, na seki zake zilikuwa hizo 4.5.

Lakini Januari 2013 kulikuwa na Senior Bowl, mechi ya vijana wanaomaliza chuo. Ansah akawasha moto. Seki moja na nusu, akapokonya watu mpira, akatajwa mchezaji bora wa upande wake wa Kusini. Na makocha wa Kusini siku hiyo walikuwa benchi la Detroit Lions. Walikaa naye wiki nzima mazoezini, wakaona kijana wa mita 1.96 anaelekezwa kitu asubuhi, jioni anakifanya. Mwezi uliofuata kule Indianapolis akapimwa kilo 123 na kukimbia sekunde 4.63. Aprili, Lions hao hao wakamchukua wa 5.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Skauti halipii seki ulizopata, zile zimeshapita, chuo kimeshazila. Analipia anachodhani bado kimo ndani. Kwa Kiwanuka waliona kijana aliyekwisha kufundishwa, wanajua anachokijua. Kwa Ansah waliona gunia ambalo halijafunguliwa. Miaka mitatu tu ya mchezo, tena mwili ule! Kwa mtazamo wao ule uchache wa seki haukuwa aibu, ilikuwa ni maelezo tu ya kwamba jamaa ndo kwanza anaanza.

Je, walipatia?

Ansah alianza na seki 8 msimu wa kwanza, yaani karibu mara mbili ya alizopata chuoni kote. Mwaka 2015 akapata 14.5 na kwenda Pro Bowl. 2017 akapata 12, na 2018 Lions wakamwekea zaidi ya dola milioni 17 kwa msimu mmoja. Bega likagoma, akacheza mechi 7 tu. Akapita Seattle, akapita San Francisco, na 2020 safari ikaisha. Jumla seki 50.5.

Kiwanuka alicheza Giants tu, misimu tisa, seki 38.5. Ukiangalia haraka utasema basi, maskauti walipatia, 50.5 ni nyingi kuliko 38.5. Mimi nasema ngoja kwanza. Kiwanuka alifika timu ambayo pembeni tayari ina Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck. Mwaka wa pili wakamhamisha nafasi, wakamrudisha nyuma mstari wa pili, na Novemba 2007 akavunjika mguu. 2008 Umenyiora alipoumia, Kiwanuka akarudishwa ukingoni kwake na kupata seki 8. 2010 shingo ikamtoa. Hayo yote hakuna saa ya kupimia kule Indianapolis inayoweza kuyaonyesha.

Na kuna lile tukio la Novemba 2006 dhidi ya Tennessee Titans. Giants waliongoza 21-0, wakaanza kufukuziwa. Ikabaki 21-14, Titans wako jaribio la mwisho, wanahitaji yadi 10. Kiwanuka akamkamata kwotabeki Vince Young, kamshika kabisa, mechi imekwisha... AKAMWACHIA. Alidhani mpira umeshatoka mkononi, akaogopa adhabu ya yadi 15 kwa kumwangusha mtu asiye na mpira. Young akatoka mbio, Titans wakasawazisha, wakashinda 24-21. Wenye roho mbaya wakasema si unaona, maskauti walijua. Lakini huyo huyo ana pete mbili za ubingwa wa Super Bowl, na ya pili, Februari 2012, ilipatikana uwanja wa Indianapolis alikozaliwa.

Na upande wa pili msisahau Dion Jordan. Drafti ile ile ya 2013 Miami walipanda kutoka nafasi ya 12 mpaka ya 3 kumfuata, kabla ya Ansah. Mrefu, mwepesi, sekunde 4.60. Adhabu za kufungiwa zikamla, 2015 hakucheza kabisa, na maisha yake yote NFL ana seki 13.5. Mwili walioupenda ulikuwepo, ila mengine yakagoma. Tamba Hali naye, mkimbizi wa vita vya Liberia aliyefika Marekani na miaka 10, aliitwa wa 20 na kumaliza na seki 89.5, zote Kansas City. Kwa hiyo hata wataalamu wenye saa na mizani wanabahatisha, tena kwa mamilioni.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu saa hizo zimeshafika kwetu. NFL waliweka kambi Ghana 2022, na 2023 wakaja Nairobi, na anayeongoza shughuli hizo Afrika ni Osi Umenyiora, yule yule aliyecheza na Kiwanuka. Na kabla ya hapo Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga moja kwa moja kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, bila chuo wala drafti. Alicheza mechi chache mno na 2015 wakaachana naye.

Maoni yangu: kijana wa kwetu mwenye mwili na mbio akiitwa kwenye kambi hizi, aende. Kukatwa kwenye kikapu mara mbili hakukumzuia Ansah. Ila aende akijua kinachotafutwa ni mwili wake wa kesho, na huo mwili una bega, una shingo, una mguu. Ansah alipata BYU shule kwanza, mpira ukaja baadaye. Mimi mtu akiniambia kambi inatoa jezi na safari tu bila darasa, ningemshauri mdogo wangu aulize maswali mengi sana kabla hajapanda mizani.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Ungekuwa wewe ndiye bosi wa timu, ungechukua seki 37.5 zilizo mkononi au 4.5 zenye ndoto ndani? Mwageni hoja, matusi hapana.