Ramani ya Milki Isiyofika Kegonga

Mwaka 1573, katika mji wa Antwerp, mchora ramani Abraham Ortelius aliongeza katika kitabu chake cha ramani za dunia karatasi moja yenye jina refu la Kilatini, na maana yake ni milki ya Kasisi Yohana, yaani ya Wahabeshi. Ramani za siku zile zilipigwa chapa kwa wino mweusi katika bamba la shaba. Rangi zilitiwa baadaye kwa mkono, kwa brashi, nakala moja moja. Ortelius aliujua ufundi huo vema. Alianza maisha kwa kutia rangi ramani za watu wengine, na chama cha mafundi wa Antwerp kilimwandika kwa kazi hiyo mwaka 1547. Nakala yenye rangi iliuzwa ghali kuliko ile isiyo na rangi, na hapana shaka rangi ilisaidia kuaminiwa.

Milki hiyo ni kubwa ajabu. Yashuka kutoka pande za Misri na Bahari ya Sham, yavuka ikweta, yafika hata Milima ya Mwezi kusini. Pwani zimo Malindi, Mombasa na Kilwa, maana mabaharia Wareno walizijua. Bara ni mambo mengine: maziwa mawili makubwa, Zaire na Zaflan, yamewekwa kwa kukisia. Mtu wa Kegonga akiitafuta nchi yake humo atajikuta raia wa mfalme ambaye wazee wake hawakupata kumsikia.

Mfalme huyo alikuwa nusu hadithi. Tangu karne ya 12 Ulaya ilizungumza habari za kasisi tajiri anayetawala Wakristo wa mbali. Wareno walimtafuta, na mwaka 1520 wajumbe wao wakafika kwa Lebna Dengel, mfalme wa Uhabeshi. Dola yake ilikuwa ya kweli, lakini katika nyanda za juu za kwao tu. Tena ilivamiwa na Imamu Ahmad ikakaribia kuangamia, ikaokoka mwaka 1543 alipouawa. Miaka 30 baadaye fundi wa Antwerp aliipa karibu nusu ya Afrika.

Kosa hilo halikumpotezea Mkuria hata ndama mmoja. Mstari uliomgusa ulikuja tarehe 1 Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani zilipopatana mpaka: kutoka mlango wa mto Umba, kuzunguka kaskazini ya Kilimanjaro, kisha moja kwa moja mpaka Ziwa la Viktoria, hapo latitudo ya digrii 1 kusini inapokata ukingo wa mashariki. Waliokubaliana hawakuwa wameiona nchi ya Wakuria. Mstari ukapita karibu na Kegonga, ukawaacha Abairege, na koo nyingine pia, pande zote mbili. Ng'ombe wa mahari wakipelekwa Tarime siku hizi hutoka Kenya na kuingia Tanzania, hali wanaotoa na wanaopokea ni watu wa lugha moja.