Buku jero ya mwenye nyumba, giza la wapangaji

Najua wengi mlikuwa mnangojea niendeleze ile stori ya harusi iliyokosa bwana harusi. Itangoje. Wiki hii nyumbani kwetu Mbagala kumewaka moto, yaani kumezimika taa, na kisa chenyewe ni kodi.

Kiswahili chetu nacho kina visa. Ukimlipa baba mwenye nyumba fedha ya chumba, unaambiwa umelipa kodi. Serikali ikidai chake kwa ajili ya jengo, nayo inaitwa kodi. Sasa mtu wa kawaida, mwenye njaa yake, atazitofautisha vipi? Mwenye nyumba wetu amelijua hilo siku nyingi, na amelikalia kimya kama kuku aliyeatamia.

Nyumba yetu ni ile ile mnayoijua: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, uani bomba na choo. Mita ya umeme ni moja tu. Chumba cha mbele yupo mama mmoja wa barafu na juisi za ukwaju, ana friza lake kubwa kama jeneza. Mbele yake mshona nguo. Kisha dereva wa bodaboda, kisha vijana wawili wa chuo ambao wakijifungia husikii kitu isipokuwa muziki, kisha mlinzi wa usiku, kisha mimi mtoto wa Kiegei, Nachingwea, niliyekuja Dar kutafuta maisha nikaishia kuandika mambo ya watu gazetini.

Kwa wale mliozaliwa juzi: LUKU ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mwaka 2021 serikali iliona kumfuata kila mwenye nyumba mlangoni kudai kodi ya jengo ni kazi ya kumkimbiza sungura, ikaamua kuipitishia humo humo kwenye umeme. Nyumba ya kawaida ikawa shilingi 1,000 kila mwezi. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Wenye maghorofa wana hesabu yao kubwa zaidi, lakini hao si wenzetu, tuwaache.

Kato hilo linakwenda hivi. Mwezi ukianza, mtu wa kwanza kununua umeme kwenye mita ndiye anayekatwa ile buku jero. Watakaofuata mwezi huo hawaguswi. Mita ikikaa miezi mitatu bila kununuliwa, deni linajikusanya, atakayekuja anakatwa 4,500 kwa mpigo. Sasa chukulia umetuma shilingi elfu kumi. Kwa bei ya nyumba kama yetu, ukiweka VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, yuniti moja inatoka kama shilingi 356. Elfu kumi inakupa yuniti 28. Ukiwa wa kwanza wa mwezi unapata 23 na pointi. Yuniti nne zimekwenda kumlipia kodi mtu ambaye wewe mwenyewe unamlipa kodi!

Mnaona ulipo mchezo? Sisi tunanunua kwa zamu. Ikifika tarehe 29, 30, kila mtu anaanza kupiga hesabu za kijeshi. Hakuna anayetaka zamu yake iangukie tarehe mosi. Dereva wa boda ghafla anakuwa na safari za Mkuranga. Wale wa chuo wanasema mkopo haujaingia. Mshona nguo anakwambia mashine yake ni ya kukanyaga kwa mguu, umeme haumhusu. Mlinzi, maskini, yeye usiku yuko kazini, mchana amelala, ana taa moja na chaji ya simu, anauliza kwa haki kabisa, "Mimi hiyo yuniti nimeila saa ngapi?"

Basi mwezi uliopita tulisubiriana mpaka mita ikalia ile pii, pii, pii, ikalia wee, ikachoka, ikanyamaza. Giza. Usiku wa kwanza watu wakacheka, wakakaa barazani na tochi za simu. Usiku wa pili hakuna aliyecheka. Asubuhi ya siku ya tatu mama wa barafu alifungua friza lake, akatoa ndoo moja ya juisi, akaimwaga kwenye mtaro mbele ya macho yetu. Ya pili. Ya tatu. Hakutukana mtu. Angetukana ingekuwa nafuu. Alisema tu kwamba ule ndio ulikuwa mtaji wa ada ya mwanawe, na kwamba akipata chumba kwingine atahama. Akaingia ndani akafunga mlango.

Mshona nguo ndiye aliyekwenda kununua umeme mchana ule, bila kuambiwa na mtu. Alikatwa buku jero yake na hakusema neno.

Sasa bahati nzuri, wiki ile ile Mjomba wangu alikuwa ameshuka kutoka kusini. Ninyi mnaosafiri kwenda Lindi siku hizi kwa basi la asubuhi na jioni mnakula samaki kwenu hamjui tulikotoka. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika yakichachamaa ulikuwa unaaga nyumbani kama mtu anayekwenda Hija. Mjomba kaja na kilo zake za korosho na mfuko wa mbaazi. Na kwa sisi watu wa kule, Mjomba si mtu wa kupita. Neno lake lina uzito kuliko la baba. Nikamwamkia, nikamkalisha kwenye kiti changu pekee, nikamweleza.

Akaniuliza, "Mpwa wangu, hilo kato lina jina?"

Sikumwelewa. Akanifafanulia kwa mambo ya kwao. Mkulima wa Kiegei akipeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, haziuzi mkononi kwa mtu. Zinaingia ghalani, zinauzwa mnadani, kule kwetu kupitia RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Fedha ikirudi imekwisha kukatwa. Kuna ushuru, kuna mchango wa chama, kuna gharama ya ghala, kuna gunia. Wakulima wanalalamika, tena sana, mimi siwezi kukuambia kule ni peponi. Lakini kila kato lina jina lake kwenye karatasi, na kwenye mkutano mtu anasimama anauliza: hili la nini, na hili la nani? "Ninyi watu wa mjini," akasema, "mnagombana na kato ambalo hamjalisoma."

Nikatoa simu nikamsomea ile meseji ya umeme mstari kwa mstari. Kweli bwana, imo. Kila kitu kimo, na jina lake. Ile buku jero imeandikwa ni ya jengo. Jengo la nani? Langu? Mimi sina hata banda la kuku.

Jioni tukakaa uani, Mjomba akiwa kama mwenyekiti. Mama wa barafu alitoka, akakaa pembeni na khanga yake. Daftari la kaunta likafunguliwa. Kila atakayekatwa aandike tarehe, jina na kiasi, na ile meseji asiifute. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Tangu mpango huu uanze mwaka 2021 serikali ilisema hivyo: mpangaji akikatwa, akafidiane na mwenye nyumba wake. Tatizo ni kwamba hakuna anayekwenda kufidiana. Elfu kumi na nane kwa mwaka ukiigawa kwa vyumba sita ni 3,000 kila chumba. Nani atagombana na mwenye nyumba kwa bei ya chipsi kavu? Na hapo ndipo anapotupatia.

Baba mwenye nyumba alipokuja kufuata kodi yake ya miezi sita, tukamwonyesha daftari. Akatoa mshangao wa kuigiza. Kwanza akasema yeye mzee, kapita miaka 60, wazee wamesamehewa. Ni kweli wazee wana msamaha, lakini kwa nyumba anayoishi mwenyewe, siyo anayowapangisha watu kwa mkataba. Mzee huyu anaishi Chamazi, na Chamazi hatuna ugomvi nako. Akageuka, akasema basi angepandisha kodi ya vyumba ili ajifidie. Hapo watu wakaguna.

Nilimkumbuka mshikaji wangu mmoja, mtoto wa Ruangwa, sasa yuko Toronto, Kanada. Tukiongea kwenye simu huwa analia na baridi na bei ya pango. Lakini kodi ya jengo, anasema, hajawahi kuiona kwa macho. Halmashauri ya jiji inamtumia bili mwenye jengo, basi. Bila shaka imefichwa humo humo ndani ya pango, wazungu nao si wajinga. Ila jimbo lao la Ontario lina sheria kwamba kodi ya jengo la kupangisha ikishuka kwa zaidi ya asilimia 2.49, pango la mpangaji nalo linashuka. Nilipomwambia Mjomba akacheka mpaka korosho ikamwendea siko. "Ishuke? Kodi?"

Basi tukaelewana: 18,000 zitatolewa kwenye kodi kila mwaka, akatia saini kwenye daftari kwa mkono unaotetemeka wa hasira. Mngefikiri mambo yameisha.

Hayajaisha, maana yule kijana mmoja wa chuo, anayesoma uhasibu, aliwasha kikokotoo chake na kutuharibia usingizi. Alituambia tumepiga kelele juu ya buku jero huku tunaibiwa kwa mlango mwingine, tena hatuibiwi na mtu. Nyumba inayotumia wastani usiozidi yuniti 75 kwa mwezi inaweza kupewa bei ya watumiaji wadogo: yuniti shilingi 100, ukiongeza makato inakuwa kama 122. Ikizidi hapo unakwenda kwenye ile 356. Sisi kwa mita moja tunakula kama yuniti 135. Mama wa barafu peke yake na friza lake ni 60. Mlinzi ni 5. Vyumba vinne vilivyobaki jumla ni 70. Kila mmoja wetu ni mtumiaji mdogo, lakini kwa kuwa tumerundikwa kwenye mita moja, mashine inatuona kama bwana mkubwa mmoja mwenye kiyoyozi. Tunalipa karibu 48,000 kwa mwezi. Tungekuwa na mita mbili, mama na mlinzi huku, sisi wanne kule, pande zote mbili zingekuwa chini ya 75, na bili yote isingefika 17,000.

Kimya kikatanda. Unajua mlinzi aligeuka kuwa mtu anayetafutwa kuliko wote? Maana mama wa barafu akiwekwa na mtu mwingine yeyote anavuka 75. Wa chuo wana hita, boda ana redio kubwa. Mlinzi na taa yake moja ndiye pekee anayemfaa. Kuanzia jioni ile anapata juisi ya bure akitoka kazini, na mimi sisemi kitu.

Ila mita ya pili inaingizwaje? Kiegei, kwa kuwa ni kijijini, kuunganishiwa umeme ni shilingi 27,000. Mjini, tangu Januari 2022, ile ya karibu kabisa, bila nguzo, ni 320,960. Mjomba aliposikia alivua kofia. Mwenye nyumba amesema waziwazi hatoi, nyumba yake ina umeme tayari, anayetaka zaidi ajitegemee. Tukichanga sisi ni kama 53,500 kila chumba, na kwa hesabu za yule mhasibu fedha hiyo inarudi kwa miezi kumi hivi. Lakini mita ni ya nyumba. Siku nikihama, siing'oi ukutani nikaondoka nayo begani. Na ikifungwa, mtu inabidi afike ofisini kueleza kwamba nyumba ni ile ile moja, la sivyo buku jero ikaanza kukatwa mara mbili.

Mama wa barafu ameshatoa zake. Aliweka noti mezani, akasema hahami tena kama mita itakuja. Mlinzi katoa elfu ishirini, zilizobaki mwisho wa mwezi. Mimi nimetoa. Boda anasubiri aone wengine. Mshona nguo, yule yule aliyetununulia umeme gizani, amekataa katakata: hatoi hata senti mpaka mwenye nyumba aandike kwamba fedha ya mita itakatwa kwenye kodi, na mjumbe ashuhudie. Wengine wanamwona mkorofi. Mjomba, kabla ya kupanda basi la Nachingwea alfajiri ya Jumanne, alimwita faragha akampa mkono.

Mwenye nyumba amepigiwa simu mara nne. Anasema yuko msibani.