Mwenye Nguvu na Wanyonge

Wako watu wasemao kuwa Superman ni shujaa wa watoto wadogo: haumii, hashindwi, basi visa vyake havina fundisho. Wako na wapenzi wake ambao humpa kila msomaji mpya hadithi ya kifo chake ya mwaka 1992, iliyouzwa mamilioni ya nakala, ati hiyo ndiyo mlango wa kumjua. Makundi haya mawili yamepotea njia moja. Yote humpima shujaa kwa ngumi. Katika hadithi ile Superman na jitu liitwalo Doomsday hupigana hata wakaanguka wote wawili. Msomaji huona vumbi na damu, lakini moyo wa shujaa hauoni vizuri.

Na aanze kwenye asili. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland huko Marekani, walimtoa Superman katika Action Comics namba 1 mwaka 1938. Humo hapambani na majitu. Anamwokoa mwanamke asiye na hatia aliyehukumiwa kufa. Anamkomesha mume ampigaye mkewe. Anamfuata mwanasiasa mla rushwa. Wakati huo hata kuruka angani kama ndege hakujaliwa bado, alichupa tu.

Kisha asome For the Man Who Has Everything ya mwaka 1985, iliyoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons. Adui anamletea mmea unaomlaza katika ndoto tamu: sayari yake haikuangamia, naye ana mke na watoto. Ili aamke, hana budi kumuaga mwana ampendaye. Ni ngumi gani iwezayo kazi hiyo?

Mwisho, asome All-Star Superman ya Grant Morrison na Frank Quitely, iliyotoka kati ya mwaka 2005 na 2008. Shujaa anakaribia kufa, naye ajua. Hata hivyo anapata wasaa wa kumkumbatia msichana aliyekata tamaa, aliyesimama ukingoni mwa paa.

Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Superman astahili kusomwa kwa kuwa yeye ndiye mwenye nguvu awapishaye wanyonge. Katika kila bweni yuko kijana mwenye misuli kuliko wenzake. Akifundishwa kuwa ushujaa ni kupiga, wadogo watalala kwa hofu. Akizisoma hadithi hizi tatu kwa makini, huenda wakalala salama.