Wazazi, Waacheni Watoto Wacheze na Wenzao



Ndugu wazazi, ipo dhana katika vijiji vyetu vya Lukuledi, wilayani Masasi, kwamba mtoto achezaye anapoteza wakati. Mtoto wa miaka mitano hushinda shule ya awali asubuhi, jioni akaingia chuoni, na msimu wa korosho ukiwadia akafuatana na wazee wake shambani. Akikutwa anapika chakula cha mchanga huitwa mtundu, na pengine fimbo humfuata.

Dhana hiyo haina mashiko katika dini. Imepokewa kwa Anas bin Malik (RA), katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (SAW) alikuwa akimtania mdogo wake Anas, Abu Umayr, kwa kumwuliza habari za kindege alichokuwa akichezea. Bibi Aisha (RA) naye amesimulia kuwa alikuwa akicheza na wanasesere pamoja na wenzake. Mtume (SAW) akiingia wao hujificha kwa haya, naye huwarudisha wakacheze naye. Tazameni jambo hili: hakumruhusu kucheza tu, bali alitaka asicheze peke yake.

Na hilo la wenzake ndilo kiini cha maneno yetu. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alichapisha uchunguzi wake juu ya watoto wadogo na namna wanavyojiunga na wenzao mchezoni. Aliyoyaeleza yanaonekana hata hapa kwetu. Watoto wa miaka miwili huketi bega kwa bega, kila mmoja na kopo lake la mchanga, wala hawasemezani. Mzazi hudhani wamenuniana, kumbe ndivyo ujirani unavyoanza. Baadaye huazimana makopo. Wakikaribia miaka mitano hugawana kazi: huyu baba, yule mama, wa tatu mgeni kutoka Newala, na mgeni akigoma kula mchezo huvunjika mpaka wapatane. (Wataalamu waliofuata wamesema hizi si ngazi za lazima, hata mkubwa hucheza peke yake apendapo.) Katika kupatana huko mtoto hujifunza kungoja zamu na kusamehe, mambo ambayo fimbo haifundishi.

Lukuledi ina misheni ya Wabenediktini tangu mwaka 1895, na nyumba zetu zimepakana na za Wakristo. Wapo wanaowakataza watoto wao kucheza na wa jirani. Sikubaliani nao. Abdullah bin Amr (RA) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama. Sisi tutamnyima jirani hata mchezo wa watoto?

Atasema mtu: kwani Qur'ani haisomwi udogoni? Naam, husomwa. Lakini hata swala, watoto huamrishwa wafikapo miaka saba. Na Imam Ghazali, katika Ihyaa, ameagiza mtoto atokapo chuoni aachwe acheze mchezo mwema, akaonya kuwa kumzuia na kumchosha kwa masomo huua moyo wake.

Basi walimu wetu wa madrasa, wapeni hao walio chini ya miaka saba nusu saa ya uwanja kabla ya Magharibi. Nanyi wenye mashamba yaliyopakana, wakati wa korosho wakusanyeni watoto chini ya mkorosho mmoja, bibi mmoja akiwaangalia, badala ya kila mtoto kukaa peke yake kando ya gunia la wazazi wake.