Kanisa lisingoje kufungwa

Uingereza wanageuza makanisa ya Methodisti yaliyoishiwa na waumini kuwa kumbi za mtaa. Na Wamethodisti wa huko ndio waliomtuma mmisionari Thomas Wakefield kule Ribe, pwani ya Kenya, mwaka wa 1862! Kwetu mambo ni kinyume: Jumapili kanisani Kawangware, hapa Nairobi, unakosa pa kukaa, Jumanne ni kufuli. Tungoje kanisa lifungwe ndipo tulitumie siku za kazi?

Jirani zetu wa mtaa wa Kibera wameshatuonyesha njia. Kibera Town Centre, iliyofunguliwa 2014, ina maji safi, vyoo, mahali pa kufulia na mafunzo ya kompyuta, vyote pamoja. Mama akija na mtungi wake, kuna sababu ya kubaki. Ukumbi mtupu wenye viti vya plastiki hauvuti mtu, hata uuite kituo cha jamii.

Ila ardhi, jamani. Julai 2018 tingatinga zilibomoa nyumba, shule na makanisa Kibera kupisha barabara. Kabla ya harambee ya mabati na rangi, wazee wa kanisa watuonyeshe hati ya kiwanja na watuambie ufunguo atashika nani siku za kazi. Akishika mchungaji peke yake, mimi sitoi hata shilingi.