Akaunti ya Gemu Nayo ni Mali

Hivi karibuni, nikiwa Tukuyu, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinisimulia kisa ambacho nimeshindwa kukisahau. Mwanawe, kijana wa kidato cha tatu, hucheza Free Fire kwa simu ya mama yake. Kwa kuwa kijana hakuwa na akaunti ya Facebook, alijiunga na mchezo huo kwa akaunti ya mama. Siku moja akatumiwa kiungo kilichoahidi almasi za bure, zile ambazo wachezaji huzinunua kwa fedha halisi. Ukurasa ulifanana kabisa na wa Facebook. Ukamtaka nywila, naye akaiandika. Kufikia jioni akaunti ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Usiku huohuo, walimu wenzake na mama huyo wakaanza kupokea ujumbe, kwa jina lake, wa kuomba mkopo wa dharura. Wawili walituma fedha.

Alipokwenda kutoa taarifa katika ofisi moja, aliyempokea alicheka mara tu neno "gemu" lilipotajwa. Akamwambia kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Naikataa methali hiyo katika jambo hili. Kijana hakujidunga, alitegewa. Mkulima wa Kiwira akiibiwa mikungu ya ndizi, hatumwambii kwamba kosa ni lake kwa kuwa shamba halina ukuta. Tunamtafuta mwizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 4, inamtia hatiani anayeingia kwa makusudi na bila idhini katika mfumo wa kompyuta. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida aliyoipata, kwa kutazama iliyo kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria haikusema kwamba mfumo huo sharti uwe wa benki au wa wizara. Mtumishi anayecheka mlalamikaji wa gemu anaipunguza sheria ambayo Bunge halikuipunguza.

Hata hivyo, haki ya kulindwa haituondolei wajibu wa kujilinda. Katika nyumba zetu simu ni ya wote, na nywila moja hufungua kila mlango: mchezo wa mtoto, barua pepe ya baba, na wakati mwingine hata mfumo wa kazini. Wazee wetu humtajia wakala namba ya siri kwa sauti, mbele ya foleni. Tumelelewa kuaminiana, na hilo ni jema. Lakini anayetumia uaminifu huo siku hizi si jirani tunayemjua.

Wala tusidhani kwamba wanaodukuliwa ni wazembe tu. Mwezi Aprili 2011, wadukuzi waliuingilia mtandao wa PlayStation wa kampuni ya Sony na kuzifikia taarifa za akaunti zipatazo milioni 77. Wenye akaunti hizo hawakubonyeza kiungo chochote. Funzo lake ni hili: mwizi akipata nywila yako mahali pamoja, ataijaribu kwingine kote. Aliyetumia nywila ileile kila mahali amempa ufunguo wa nyumba nzima.

Kinga yenyewe haina gharama. Nywila iwe ndefu: maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo wewe peke yako unaweza kuyakumbuka, yana nguvu kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Kila akaunti iwe na nywila yake. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na tarakimu zinazoletwa kwa ujumbe usimpe mtu yeyote, hata akijiita mhudumu wa kampuni. Usiandike nywila kwenye ukurasa ulioletwa na kiungo. Fungua programu yenyewe. Na mtumishi wa umma asichanganye nywila za ofisini na za nyumbani.

Lakini elimu hii haipaswi kumtegemea mhadhiri anayepita njiani. Kabla ya tarehe ya mwisho ya Januari 20, 2020, Serikali iliwataka wananchi wasajili laini zao kwa alama za vidole, nao wakapanga foleni, vijijini na mijini. Dola yenye uwezo wa kukusanya vidole vya wananchi wake ina uwezo wa kuwafundisha kulinda siri zao. Nywila ifundishwe darasani kama usafi wa maji unavyofundishwa. Namba 15040, tunakopeleka ujumbe wa matapeli, ibandikwe katika kila ofisi ya kata, kuanzia hapa Rungwe. Na kijana anayekuja kusema "nimeibiwa akaunti" asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, kwa maana anayechekwa leo atanyamaza kesho, na kimya chake ndicho kichaka cha mwizi.

Mwalimu yule sasa ana akaunti yake, na mwanawe ana yake. Kilichobaki ni fedha za wenzake wawili. Anazilipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wake, ingawa hakuzikopa.